Mshubiri wa Mama Juu ya Slabu

Ukija Kiembeni ukauliza nyumba ya miiba, hata mtoto mdogo atakuleta mpaka getini kwangu. Sijisifu, nasema lililopo. Majirani wamepanda maua ya majani laini yanayotaka maji asubuhi na jioni, na bomba likikauka yanalala kama kuku wenye mdondo. Yangu mimi husimama. Juu ya slabu ya ghorofa yangu nina kaktasi za kila umbo: zilizonyooka kama nguzo, za mviringo kama mpira, zenye nywele nyeupe utadhani bibi amejifunika shuka. Nina waridi la jangwani lenye tumbo kubwa kama mtungi, nililolitoa kwa mikono yangu kando ya barabara huko Taru, zamani nikiwa utingo wa lori.

Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Lori ndilo lililonisomesha. Utingo hulala juu ya mzigo na huamkia juani, na katika safari zile nilikuwa nikiitazama nyika imekauka, mbuzi wamekonda, ng'ombe mbavu nje, na katikati ya hayo mmea mmoja umenona, kijani kibichi, haumwombi mtu kitu. Nikajiambia, huyu ni mimi. Leo nina yadi yangu Miritini, natengeneza trela za watu, na mimea yangu nimeipanda ndani ya dramu kuukuu za breki, nimezitoboa chini maji yapite. Kaktasi yenye miiba mikali naizungushia kipande cha tyubu ya gurudumu kiunoni, naibeba kama mtoto mchanga. Hilo sikufunzwa na mtu. Tunaopenda mimea hii tuna kikundi chetu kwenye simu, wengi wao wamesoma na wana vyeo, na walipoona ule ujanja wa tyubu waliuiga wote, wala hakuna aliyeniuliza nina cheti gani.

Sasa mama yangu. Baba alipofariki, mama alibaki Bofu, ng'ambo ya feri, katika nyumba ya udongo nilimozaliwa mimi. Magoti yakaanza kumsumbua. Nikavuka kumfuata, nikamwambia, "Mama, mwanao ana ghorofa, na wewe uko hapa wachota maji kisimani. Watu watasema nini?"

"Watu gani?"

"Watu tu, mama."

Akacheka, lakini akaja. Alikuja na mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, na mshubiri wake ndani ya chungu kilichovunjika mdomo.

Mshubiri ule ulikuwapo kabla yangu. Kule Bofu ulikaa nje, ubavuni mwa mlango, upande wa njia. Mwanamke aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alipita, akakata jani, akajipaka ule utomvu wa manjano. Mtoto akaonja, akatema, akalia, kazi ikaisha. Aliyeungua na mafuta ya kukaangia naye alikata. Hakuna aliyebisha hodi. Wengine walikata mama akiwa hayupo, kisha wakikutana kisimani humwambia, "Mama, nimekukatia jani jana," naye hujibu, "Si ndiyo kazi yake?" Kwa hiyo mmea wenyewe haukuwa na sura. Majani yalikuwa visiki visiki, kama kinywa chenye mapengo.

Nikaona nimpe mama heshima. Niliutoa katika kile chungu, nikaondoa visiki, nikaupanda kwenye dramu niliyoipaka rangi ya samawati, nikaupandisha juu ya slabu na kuuweka mbele kabisa. Maji nikaunyima, jua nikaupa lote. Wajuzi wa mambo haya wanaelewa: mshubiri ukifanyiwa hivyo hugeuka rangi. Ukijani ulikimbia, ukaja wekundu wa kutu, na kwenye ncha wekundu wa pilipili. Majani mapya yalitoka mafupi, yamejipanga mviringo, hakuna lililomzidi mwenziwe. Nilipotuma picha, simu ililia mchana kutwa. Daktari mmoja wa meno wa mjini, mtu mwenye kaktasi zilizokuja kwa ndege, aliandika kwamba hajapata kuona mshubiri wa kienyeji ukafikishwa hapo. Akaomba aje na wenzake Jumapili wauone kwa macho.

Mama alikuwa chini. Chumba nilichompa kina vigae na choo ndani, wala sidhani Bofu nzima kuna mama aliyelala mahali kama pale. Ngazi za kwenda juu hakuziweza, kwa hiyo tangu nilipoupandisha mmea wake hakuuona tena. Mke wangu alimkataza kupika, kwa mapenzi. Mimi nikamkataza kufagia, kwa mapenzi pia. Kila Ijumaa nikitoka msikitini humpitia, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba, mwanangu. Lini wanirudisha Bofu?"

"Bofu kuna nini, mama?"

Alikuwa hanijibu. Nilidhani hana la kujibu.

Akichoka kukaa ndani alijikokota na kiti chake cha plastiki mpaka nje ya geti, kwa binti mmoja anayeuza mahamri na mbaazi ukutani kwetu. Binti huyo alikuwa na mtoto mkubwa, mwenye meno yote ya mbele, na bado ananyonya. Wiki ileile ya wageni wangu, mama akaniita.

"We mwana, ndoo hapa."

"Naam, mama."

"Nikatie jani la mshubiri wangu. La chini, lililoshiba. Binti wa mahamri hana raha, mtoto amng'ata. Nimemwambia kesho atalipata."

"Mama, si wiki hii. Mshubiri una wageni Jumapili."

"Una wageni?"

"Watu wazito. Waja kuuona."

"Wana maradhi gani?"

"Hawaumwi, mama. Waja kuuona tu."

Akanitazama kama aliyeambiwa watu wanakuja kutazama ufagio. Nikamweleza polepole. Jani moja likitoka, mviringo wote umeharibika, ni sawa na gurudumu kukosa nati. Nikamwambia nitamnunulia yule binti shubiri ya dukani, kopo zima.

"Sikumwahidi kopo," alisema. "Nimemwahidi jani langu."

"Jumatatu, mama. Jumatatu kata hata yote."

"Haya, mwanangu," akasema, akaingia chumbani.

Jioni mke wangu akanijia na uso mzito. "Baba watoto, mama amefunga mkeka wake."

"Ameufunga vipi?"

"Kwa kamba. Mbuzi ya nazi ameiviringisha kwenye kanga. Asema kesho aenda zake feri, na usipompeleka, binti wa mahamri atamshika mkono."

Neno lile lilinichoma. Mimi, niliyeanza na kubeba magunia na leo watu wananiita bosi, mama yangu atoke kwangu na mkeka kichwani, ashikwe mkono na muuza mahamri, mtaa mzima ukitazama! Na kwa ajili ya nini? Jani. Kwangu hesabu hiyo haikuingia. Nilikuwa nimempa kila kitu.

Alfajiri, nilipotoka kuswali, chumba chake kilikuwa wazi. Mkeka upo, umefungwa. Mama hayupo. Nikatoka mbio mpaka getini.

"Bibi amepita hapa?"

"Bibi hajatoka, bosi," akasema binti, mikono imejaa unga.

Nikarudi ndani, na hapo nikaona ndara ya mama katikati ya ngazi.

Nilimkuta juu ya slabu amekaa sakafuni, ameegemea dramu ya waridi la jangwani, pumzi zinamwenda juu, kisu cha jikoni mapajani. Kanga yake ilikuwa imenasa miiba kila upande.

"Mama! Umepandaje?"

"Kwa makalio, kinyumenyume. Ngazi zako safi, hazina mchanga."

"Ungeanguka je?"

"Ningeshuka upesi." Kisha akaunyooshea kisu ule mshubiri. "Huyu ni wangu kweli?"

"Ni wako, mama."

"Amefanywa nini?"

"Amependeza."

"Ana kiu."

"Kiu ndiyo iliyomtia rangi hiyo. Ndiyo thamani yake."

Akalibonyeza jani kwa kidole gumba, akalibonyeza na jingine. "Halina kitu. Hili halimwachishi hata mwana wa mbuzi." Akauzunguka mmea kwa macho, jani baada ya jani, mpaka nikaona haya, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuutazama mmea hivyo na sikupata kumwona mwingine. "Tangu aje huku juu, nani amemkata?"

"Hakuna. Nimekataza mtu kumgusa."

"Maskini," akasema, wala sikujua anamwambia mshubiri au ananiambia mimi.

Nikakaa naye sakafuni. Chini mahamri yalikuwa yakiingia kwenye mafuta, twayasikia. Halafu akasema, bila ya kunitazama, "Waniuliza Bofu kuna nini. Bofu watu huniomba. Hapa napewa. Kupewa tu kwachosha, mwanangu, kuliko kuchota maji."

Ningeweza kumjibu. Mimi si mtu wa kukosa la kusema, muulize yeyote Miritini. Lakini niliiona ile nyika ya Taru na ule mmea wangu ulionona, usiomwomba mtu kitu. Miaka yote nimeusifu kwa hilo. Sikupata kujiuliza kama kuna yeyote anayeuomba wenyewe.

Nikachukua kisu. "Lipi, mama?"

"La nje. La chini kabisa. Na hapo hapo karibu na shina, usimwachie kisiki. Ukishakata moja, kata na la pili, kwa kuwa hili halitamtosha. Ndiyo hivyo. Moyo usiuguse."

Mviringo wangu ukavunjika. Nisikudanganye, uliniuma.

"Sasa mteremshe," mama akasema, "kampande chini, nje ya geti."

"Nje wataiba, mama!"

"Wataiba nini? Kitu cha watu?"

"Hapa Kiembeni hawana mazoea ya mmea wa watu wote."

"Watayapata." Akajivuta kuelekea ngazi. "Mbebe yeye kwanza. Mimi najua njia ya makalio."

Sikumsikiliza. Nilimtia mgongoni mama kwanza. Nimebeba magunia ya kila namna, na nilijua mzigo huu utakuwa mwepesi, lakini haukustahili kuwa mwepesi namna ile. Kisha nikarudi kuuchukua mshubiri, nikachimba shimo chini ya ukuta, nje ya geti, pale binti wa mahamri anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Mama alisimamia kazi kutoka kwenye kiti.

"Bado wenda feri?" nikamuuliza, mikono imejaa udongo.

"Niache kwanza nione kama atashika."

Jumapili wageni walikuja. Daktari wa meno alipoonyeshwa mshubiri uliochimbiwa kando ya karai la mahamri, una pengo la majani mawili, alishika kichwa kama aliyefiwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wekundu ule mimi naweza kuutoa kwenye mshubiri wowote, nipe tu jua. Na ni kweli, naweza. Akapanda juu, akaona waridi langu la jangwani, akasahau msiba.

Mshubiri ulishika. Ulianza kwa kurudisha ukijani kwenye shina, ukapanda polepole, majani yakanenepa na kujikunjia ovyo, moja huku, moja kule. Sura hauna tena. Wa kwanza kuja kuukata, baada ya binti wa mahamri kupewa majani yake, alikuwa mpishi wa nyumba ya pili, aliyeungua mkono. Kisha wakaanza kuja wengine, wenye mageti makubwa kuliko langu. Kuhusu ule mkeka sikuuliza. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba kamba yake ameiona, imetumika kuanikia nguo.

Ijumaa iliyopita nilitoka msikitini nikakuta mwanamke mgeni ameinama ukutani na kisu, na mama amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti.

"La chini! We mwanamke, la chini! Ukimkata moyo, nami takukata!"

"Nisamehe, bibi. Sikujua."

"Ndoo nikuonyeshe. Huyo mgongoni ndiye wataka kumwachisha? Geuka nimwone. Aa, huyu bado mchanga, mwache anyonye. Mumeo ndiye aliyekutuma?"

Yule mwanamke akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Binti wa mahamri naye akacheka. Mimi nikasimama mbele ya mama na kanzu yangu nyeupe, nikingoja lile swali lake la kila Ijumaa, la Bofu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, akinisukuma kando kwa fimbo yake. "Sogea, wanizibia."