Nywele Zilipoanza Kutoka

Maji yaliisha dawa ikiwa bado kichwani. Ilikuwa katika saluni ndogo mjini Suna, hatua chache kutoka kwenye baraza nilipokuwa nikishona nguo. Msusi alikuwa amenipaka mafuta masikioni na kwenye paji la uso, akanitia dawa ya kulainisha nywele kama alivyonitia tangu nilipomaliza shule, kisha akafungua mfereji. Ukakohoa tu. Akachukua mtungi, akatoka mbio kwenda kutafuta maji kwa jirani. Nilibaki kwenye kiti nimeuma taulo, kichwa kinawaka moto. Aliporudi nilikuwa nalia.

"Pole, dada," akasema akinisuuza. "Lakini utaona zitakavyolala."

Kweli zililala. Siku chache nilipendeza, mradi mtu asiguse vigaga vilivyofichwa chini yake. Vigaga vilipobanduka, nywele zikavifuata. Nikichana, chanuo linatoka na shungi zima. Kisogoni pakawa upara, na zilizobaki mbele zilikuwa nyembamba, nyepesi, kama za mtoto mchanga.

Miaka hiyo ya tisini, nywele za namna hiyo zilikuwa na maana moja tu kwa watu wa kwetu. Walikutazama kichwa kabla ya kukutazama uso. Na mimi walikuwa na sababu ya kunitazama. Mchumba wangu, aliyekuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, baada ya kukohoa miezi mingi na kukonda hadi saa ikawa inateleza mkononi. Kwao walisema ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Hata mimi sikuutaja.

Nilijua dawa ilikaa kichwani kupita kiasi. Nilijiambia hivyo kila nilipofagia nywele zangu sakafuni. Lakini msusi aliwachoma wengine pia, na wao nywele zao hazikutoka hivi. Nilianza kujipima mikono kwa vidole, kuona kama nimekonda. Nikikohoa kwa sababu ya vumbi la vitambaa, moyo unasimama.

Asubuhi moja mteja wangu, mama aliyeniletea kitambaa cha gauni la binti yake, alikuja nikiwa nimeinama. Leso ilikuwa imeteleza kichwani. Alikitazama kichwa, akavuta kitambaa chake polepole kutoka mezani.

"Wacha kwanza," akasema. "Nitakuja siku nyingine."

Sikumuuliza kwa nini. Nilifunika cherehani, nikafunga mzigo, nikaenda Homa Bay kwa shangazi yangu, dada ya baba. Kijaluo tunamwita waya. Alikuwa mjane, Msabato, mwenye shamba dogo la mboga. Nilikuwa na hofu kwamba atanitengea kikombe changu na sahani yangu, kama nilivyoona wagonjwa wakitengewa.

Alinikalisha uani, akafungua leso, akatazama. Kisha akaleta maji ya vuguvugu, akaniosha kichwa kwa mikono yake mitupu, vidonda na vyote.

"Tukate zote," akasema.

"Waya, nikinyolewa watauliza nani amekufa."

"Si ulifiwa? Hukuwa mke wake, hakuna aliyekunyoa wala kukuketisha ulie. Lia sasa."

Nililia mkasi ukifanya kazi. Sijui kama nilikuwa namlilia marehemu au najililia mimi.

Baadaye alinipeleka hospitali kutolewa damu. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Kila nilipoamka, kabla ya kufungua macho, nilipapasa kichwa. Kwanza palikuwa laini kama kibuyu. Halafu vidole vikakuta kitu cha kukwaruza, na badala ya kufurahi nikaogopa zaidi. Niliogopa kuzigusa zisije zikabaki mkononi. Shangazi alinikuta nimelala chali, mikono nimeilalia, akacheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo sikuweza kucheka naye.

Siku ya majibu, daktari alifunga mlango nyuma yangu. Nilipoona anaufunga, nikajua nimekwisha. Akanisukumia kiti.

"Hatujaona virusi," akasema. "Utarudi tupime tena, tuhakikishe."

Kwa hiyo furaha yangu ilikuwa nusu. Nilirudi Suna na nywele fupi, nyeusi, zilizojikunja ngumu, nikashona macho yakiwa chini. Wapo waliokuja na wapo waliopita upande wa pili wa barabara. Nilipopimwa tena majibu yakawa yaleyale, nilisimama nje ya hospitali nikashindwa kukumbuka njia ya kwenda kwa shangazi.

Nywele zilipoanza kushikika mkononi, msusi aliniita.

"Dada, zimeota! Sasa zimefika kiwango cha dawa. Leo mitungi imejaa, usiogope."

Nilikaa. Nadhani nilitaka kuwa kama zamani, nisionekane tofauti na wenzangu. Akafungua kopo. Ile harufu iliponifikia, nilijivuta nyuma kwenye kiti. Nilisimama taulo likiwa bado shingoni.

"Siwezi," nikasema.

"Ngumu hivi utazichana na nini?"

"Sijui. Lakini hizi sitazichoma."

Alinitazama, nikadhani amekasirika. Alifunika kopo, akalirudisha kwenye rafu, akanawa mikono.

"Kaa basi nikusuke mistari," akasema. "Nitakwenda taratibu."

Nilikaa. Kila alipogawa nywele nilishika kiti kwa nguvu, nikisubiri maumivu. Alipofika kisogoni, mahali palipokuwa na upara, alisimama kidogo, akapapasa kwa kidole gumba, kisha akaendelea kusuka.