Jeneza la Mninga Lililogoma Mwamgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhudumu Mkuu wa chumba cha maiti alinipa kitambaa cheupe na kuniamuru nimfunge taya mzee mmoja aliyefariki asubuhi ile. Nilikuwa kijana wa Kasingirima, huku Kigoma, elimu yangu darasa la saba, mama yangu muuza dagaa. Nilifunga kwa mkono mlegevu.

"Kaza," akasema.

"Nitamuumiza, mkubwa."

"Yeye haumii tena. Atakayeumia ni binti yake, akija kumkuta baba yake kaachama. Kaza!"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi. Mwili hukakamaa saa chache baada ya kifo, kwa hiyo taya hufungwa mapema, macho hufumbwa, miguu hunyooshwa. Unamhudumia maiti, lakini anayekutegemea ni aliye hai.

Baada ya miaka michache nilipanda meli hadi Mpulungu, nikashika njia ya Ndola, Zambia. Kule kuna makampuni ya mazishi, na mojawapo liliniajiri kuosha gari la kubebea maiti. Niliingia na ndoo, nikatoka na stashahada. Nasema hili bila haya, maana hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisoma huku nafanya kazi, nikajua kuhifadhi mwili kwa formalini, dawa inayoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo huku damu ikitolewa, ili marehemu asafiri siku kadhaa bila kuharibika. Stashahada hiyo iko ukutani sebuleni kwangu. Mgeni huisoma kabla hajakaa.

Meneja wa Ndola alinifundisha na jambo jingine ambalo halikuwa kwenye mtihani. "Mfiwa habishani bei," alisema. "Mwonyeshe kwanza jeneza la ghali. Akiuliza la rahisi, nyamaza, mtazame. Aibu itamaliza biashara yenyewe." Nililiandika kwenye daftari pamoja na vipimo vya dawa, kana kwamba nalo lilikuwa sayansi.

Nilirudi Kigoma na gari langu mwenyewe na suti nyeusi mbili. Nilianzia Ujiji, na watu wa Ujiji hawakununua kwangu. Imamu mmoja mzee alinipokea vizuri, akanionyesha jeneza la msikiti wao lililoegemezwa ukutani. "Hili linambeba tajiri, linambeba maskini, kisha linarudi hapa," akasema. "Anayebaki kaburini ni mtu na sanda yake. Wewe utatuuzia nini, mwanangu?" Nilitoka nikicheka moyoni, nikiwaona watu wa zamani. Nikahamishia ofisi mjini, na huko biashara ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota.

Kisha akafariki Nestori, mvuvi wa kijiji cha Mwamgongo, kando ya ziwa, akiwa amelazwa hospitali mjini. Walikuja kwangu watu wawili: mjane wake, Mama Yasinta, na mdogo wa marehemu, Gervas. Mama aliomba sanduku la mbao za kawaida. Nikanyamaza. Nikamtazama.

Aliyeshindwa kuvumilia macho yangu ni Gervas. "Shemeji, kaka yangu tumzike kama kuku?"

Wakachukua jeneza la mninga, pana mabegani, lenye kioo juu na vishikio vya shaba vilivyotokeza pande zote. Fedha hazikutosha. Gervas akaahidi kwamba baada ya mazishi nitachukua mashine ya boti ya marehemu. Mama Yasinta alitazama sakafu. Boti ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba yake, na bila mashine ilikuwa mbao tu.

Tulikodi boti kwenye mwalo wa Kibirizi, tukafika Mwamgongo mchana. Watu walilisifu jeneza, nami nikatembea mbele nimetutumua kifua. Lakini kule milima inashuka hadi ziwani na chini ya udongo ni mwamba. Wachimbaji walikuwa wamechimba kwa upana wa masanduku ya kijijini, na pande zote mbili walikuwa wamekwama kwenye jiwe. Swali la kwanza katika kazi yetu ni upana wa kaburi. Mimi, na stashahada yangu, sikuuliza.

Jeneza lilishuka hadi kwenye vishikio, likagoma. Tukalipandisha, tukaling'oa vishikio, likagoma tena mabegani. Sururu ilirusha cheche tu. Nyimbo zikakatika.

"Bwana diploma," mchimbaji mmoja mzee akaniambia, "huko ulikosoma hawakukupa futi?"

Wengine waliinamisha vichwa kuficha kicheko.

"Tutachimba jingine kesho," Gervas akasema.

"Kaburi likifunguliwa halilali wazi," akajibu katekista aliyekuwa akiongoza mazishi. "Huo ni utaratibu wetu na unaujua."

Mama Yasinta akasimama. "Mtoeni humo. Nestori amelala kwenye mkeka maisha yake yote. Leteni mkeka wangu."

"Shemeji, watu watasema!"

"Wameshasema, Gervas. Wacha wamalizie."

Gervas akamgeukia katekista, akitaka msaada. "Kanisa linazika mtu," katekista akamwambia. "Haliziki mbao."

Nilivua koti nikaingia kaburini na wachimbaji wawili. Tulimpokea Nestori akiwa ndani ya mkeka, nikamshika kichwa, tukamlaza polepole kama alivyonifundisha Mhudumu Mkuu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumlaza mtu vizuri kuliko yeye.

Tuliporudi ufukweni, Gervas alianza kufungua mashine kwenye boti ya kaka yake. Ahadi ni ahadi.

"Unaichukua, baba?" Mama Yasinta akaniuliza. Sauti yake haikuwa na ugomvi.

Ningeweza kusema jeneza limekwaruzika, nani atalinunua. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Gervas, rudisha mashine mahali pake," nikasema. "Jeneza ni langu, narudi nalo. Kazi ya kumhifadhi na kumleta mtanilipa mkipata samaki. Hiyo nimeifanya."

Mama Yasinta akakaa mchangani na kulia. Tangu aingie ofisini kwangu sikuwa nimemwona akilia. Nafasi ya kumlilia mumewe nilikuwa nimeijaza hofu ya kupoteza mashine. Nami nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Wiki ile nilikwenda Ujiji kupima jeneza la msikiti. Imamu alicheka hadi akashika mbavu. "Umezunguka mpaka Ndola, kumbe somo lilikuwa hapa?" Ule mninga niliupunguza, nikaufanya jeneza la kubebea, nikaliazimisha parokia: marehemu anabebwa, anashushwa kwa mkeka au shuka, jeneza linarudi. Aliyetaka sanduku nilimuuzia, ila nilimwonyesha la rahisi kwanza. Ukurasa wa daftari wenye maneno ya Meneja niliuchana. Na msidhani nilifilisika. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na watoto wote wamesoma. Ujira wa kuosha, kuhifadhi na kusafirisha ni halali yako. Aibu ya mfiwa si mali ya kuuza.

Sasa nimestaafu. Zamani watu wakiniona sokoni walihamia upande wa pili, kana kwamba nimekuja kuchagua atakayefuata. Juzi, kwenye mwalo wa Katonga, mwanamke mwenye mvi aliyekuwa akianika dagaa aliinua kichwa.

"Mzee, umekuja kununua au umekuja kunipima?"

Alikuwa Mama Yasinta. Wenzake waliangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Nikavuta kigoda, nikakaa hapo mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyehama.