Hisa za Tantine na Lori la Mafuta

Mume wa tantine, yaani shangazi yangu, alipofariki, alimwachia hisa katika kampuni ndogo ya mafuta ya gari pale Beni. Hisa zilizobaki zilikuwa za mdogo wa marehemu, ambaye sisi tulimwita tonton, yaani baba mdogo. Ndiye aliyeiendesha kampuni, na sasa alitaka kununua na zile za mjane. Mimi nafanya uhasibu Butembo. Tantine akanipigia: "Kuya uniangalishie kama ile bei njo ya kweli."

Tulikaa sebuleni kwake, mtaa wa Mulekera, baada ya chakula cha mchana. Tonton akasukuma karatasi mezani.

"Kampuni inajaa madeni, mama. Nitakupatia hii, lakini usaine leo."

Nikaisoma. Alichukua thamani ya vituo vya mafuta na matanki, akaondoa madeni yote.

"Tonton, na feza yenye iko banki?"

"Ile ni ya kazi."

"Ni ya kampuni. Ukiondoa deni, uongeze na feza."

Akakubali. Nikauliza deni kubwa la Uganda ni la nini.

"Ni ya camion yenye inakuya. Mafuta nilikamata kwa mukopo."

"Donc deni umeihesabu, mafuta hapana."

"Mafuta haiyafika!"

Hapo alikuwa na haki. Lori lilitoka Kasindi, mpakani na Uganda, asubuhi, na sote tulijua kwamba watu wenye silaha huchoma magari kwenye barabara ile. Likifika, hisa za tantine zingepita mbali bei ya karatasi. Likichomwa, deni lingebaki bila mafuta, na bei ya tonton ingeonekana sadaka. Tangu saa sita simu ya dereva ilikuwa haipatikani.

"Usaine, mama. Hatari nibebe miye."

Tantine, kalamu mkononi, akanitazama. Hesabu niliijua, ya barabarani sikuyajua.

"Tungojee," nikasema, na papo hapo nikaogopa mdomo wangu mwenyewe.

Tantine akaweka kalamu chini. "Muko munaongea mafuta tu. Na ule mwenye anaendesha, eko muzima?"

Akachukua rozari yake. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje, tonton alisimama. Jua lilikuwa limeshuka simu ya tonton ilipolia, akaiweka kwenye spika ili sote tusikie.

"Patron, balipiga marisasi mbele yetu. Tulirudia Kasindi. Niko muzima, na camion iko."

Tonton akakaa, akafunika uso, akalia. Sikuwahi kumwona hivyo.

Kesho yake lori liliingia Beni pamoja na mengine, askari wakiyasindikiza. Tukahesabu upya: vituo, fedha ya benki, mafuta, halafu tukaondoa madeni. Tonton akabisha kwamba mafuta hayajauzwa bado. Nikapunguza kidogo, kwani ilikuwa kweli. Hata hivyo bei ilipanda sana. Tantine akauza nusu tu.

"Ingine ibakie ya batoto," akasema.

Tonton akasaini bila kunitazama. Kwa miezi mingi baadaye, tukikutana misa ya Jumapili, alinipa "bonjour" tu na kupita.