Masale Niliyoyakata kwa Ajili ya Asta

Mama aliniachia kazi moja tu kabla ya kuteremka Mabogini kumlea dada yangu aliyekuwa amejifungua: nimpogolee asta zake. Alitaka zikatwe hadi nusu mwanzoni mwa Oktoba, kabla vuli haijashika, ili ukoo ukipanda mlimani Krismasi uzikute zimechanua kwenye kaburi la baba. Alinionyesha kwa kidole pa kukata, juu kidogo ya jicho la jani, akanikabidhi mkasi wa kahawa uliokuwa wa marehemu. Akasema pia nisiguse masale. Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja.

Kaburi lilikuwa pembeni mwa kihamba chetu, shamba la urithi tunamoishi, karibu na barabara, na hatua chache mbele yake ulipita mpaka kati yetu na baba mdogo. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo sisi Wachagga huipanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo kuomba msamaha, humkatalii. Na isale likishaota haling'olewi. Wazee walisema anayeling'oa atawaona watoto wake wakinyauka mmoja mmoja. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mjini, nimepanga mtaa wa Soweto, nina mtoto mmoja na ujuaji mwingi. Hayo yote niliyaita mambo ya kizamani.

Jumamosi niliyopanda, nilikuta asta za upande wa mpakani zimerefuka na kulegea kwa kukosa jua. Nilikuwa nimeinama nazikata nilipohisi kuna mtu. Baba mdogo alikuwa amesimama upande wake, mikono nyuma, sijui tangu saa ngapi. Mwaka ule alikuwa ameng'oa kahawa yake yote kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mazungumzo yake yalikuwa maduka tu. Kila mwenye kipande barabarani alikuwa anajenga fremu. Kipande chake kilikuwa chembamba, hakitoshi hata chumba kimoja.

Nilimwamkia, akaitikia huku akitazama mkasi.

"Masale hayo ndiyo yanayoziba jua, mwanangu," alisema. "Yakate tu. Yatachipua."

Nikayakata. Nilichukua panga, nikayafyeka mstari mzima hadi chini, na nakiri nilifurahi kuona mwanga ukiingia. Baba mdogo alijitolea kuniondolea fito. Alizifunga kwa kamba za mgomba, mzigo baada ya mzigo, vichwa vyote vikielekea upande mmoja. Niliona, nikadhani ni unadhifu. Mtoto yeyote wa mlimani anajua kwamba fito ya isale ukiichomeka ardhini huota, ila lazima ujue juu ni wapi na chini ni wapi. Mimi nilimshukuru.

Mvua zikaanza, mitihani nayo ikaja, na kwa wiki nyingi sikupanda. Mara mbili nilimwota baba amesimama mpakani akitafuta kitu chini. Sikumwambia mtu.

Katikati ya Desemba nilipanda na mama. Tulikuwa tunapita kwenye kahawa yake aliposimama ghafla, nami nikamgonga mgongoni. Mbele yetu, ndani kabisa ya shamba letu, palikuwa na mstari mpya wa masale, umenyooka kama umepigwa kamba. Kila fito ilikuwa na majani mabichi. Pale palipokuwa na mpaka wa zamani palikuwa na lundo refu la samadi na magome ya migomba, na visiki vyangu vilikuwa vimeozea chini yake. Kaburi la baba sasa lilikuwa upande wa baba mdogo. Asta zilikuwa zimechanua, zambarau na nyeupe, vizuri kuliko mwaka wowote.

"Nani aliyakata?" mama aliuliza.

"Mimi."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenipiga. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa nimemvisha mama nguo yenyewe. Kwa hasira nilikamata fito ya kwanza niing'oe, nikasikia mizizi inaanza kuachia udongo. Mama akanidaka mkono. Wake ulikuwa wa baridi.

"Acha. Una mtoto."

Na mimi, msomi nisiyeamini kitu, nikaacha. Nikaukandamiza udongo kwa mguu mpaka ile fito ikasimama wima tena. Aibu ya kitendo kile ninayo hadi leo.

Mama aliamua kungoja Krismasi, alifikishe jambo mbele ya wazee wa ukoo. Wao walikuwepo siku mpaka wa zamani ulipopandwa, na neno lao lingetosha. Siku yenyewe walikaa uani na mbege yao, pombe ya ndizi, nyama ikachomwa, na mama akawa anangoja vyombo viondolewe ili asimame. Baba mdogo akamtangulia. Alivuka ua polepole, mkononi ana jani la isale limefungwa fundo. Lilikuwa changa, la kijani cha kung'aa. Nilijua limechumwa wapi.

"Shemeji," alisema, "kama kuna lolote nililokukosea, nisamehe."

Hakutaja shamba. Kama angetaja, mama angepata pa kushika. Wazee walimtazama mama, wake zao wakamtazama, na yeye akalitazama jani. Halafu akalipokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja akasema Mungu abariki, na kata ya mbege ikaendelea kuzunguka.

Jambo lililosamehewa kwa isale halifufuliwi. Mama aliingia jikoni, akatoka na ule mkasi wa baba, akanipa nikakate maua ya kaburini kama tulivyokuwa tumepanga. Nilikuwa nimeshageuka aliponiita.

"Ukifika kwenye masale," alisema, "piga hodi kwanza."