Waziri wa Nyufa

Mama mkwe wangu alikuja kwetu kipupwe kilipoanza, mkono mmoja mfuko wa nguo, mkono wa pili ndoo ya saruji. Mke wangu alikuwa amejifungua karibuni, na mama alikuja kumsaidia. Alisimama sebuleni, akainua pua, akasema, "Baba, humu mna panya."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wako wangapi?"

Nikamwambia labda mmoja, tena mpita njia. Hakucheka. Mama huyu alifagia ghala la mahindi tangu usichana wake hadi magoti yalipogoma, na panya anawajua kama mimi ninavyojua rangi za magari, ambayo ndiyo kazi yangu. Akanieleza kwamba baridi ikishika, panya wa nje huhamia ndani kufuata joto na makombo, na tundu la kupitisha kidole gumba linawatosha. Kisha akaniita chumbani, akashika mkono wa mke wangu, akanionyesha ncha ya kidole cha mwisho. Kovu lile nililijua, ila siku zote nilidhani ni la kisu. Kumbe mke wangu alipokuwa mchanga panya alimtafuna usingizini, kwa kuvutwa na harufu ya maziwa, na mama yake amelala pembeni asisikie kitu.

"Tangu hapo mama halali," mke wangu alisema. "Anafumba macho tu."

Basi hatukupumzika tena. Alfajiri mama yuko chini ya sinki anashindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria pale bomba linapotokea. Unga ukahamia kwenye ndoo zenye mifuniko, makombo yakafagiwa kabla hatujamaliza kula. Natafuta soksi, naikuta imekunjwa chini ya mlango. Sahani ikigonga sahani anaruka, "Nini hicho?" Chakula kikawa hakishuki vizuri. Nikampachika jina la Waziri wa Nyufa, kwa siri, maana mkwe si mtu wa kutaniwa. Mke wangu hana siri, akamwambia. Mama akanitazama kwa utulivu. "Waziri hana bajeti," alisema. "Kalete saruji."

Chumba cha mzazi alikitengeneza kuliko vyote. Alibandika karatasi na gundi pembeni mwa dirisha, akajaza saruji matundu ya hewa yaliyo juu yake, na nje ya mlango akaweka tambara zito la kuziba uwazi wa chini. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliniambia huku anapangusa mwiko. Nilijibu moyoni kwamba ukuta nilishaujenga, kinachobomoka ni akili yangu. Lakini nilipoingia mle na kuona mwanangu amelala, vidole vyake vidogo kama punje, nilimshukuru. Nilimshukuru kwa dhati.

Kosa alilofanya ni lile ambalo, lingefanywa na mtu mwingine, yeye angemcheka wiki nzima. Aliziba mchana, panya mwenyewe akiwa amelala mle mle chumbani, nyuma ya kabati. Akamfungia ndani.

Ikafika siku ya manyunyu. Rangi haikauki penye unyevu, kwa hiyo nilirudi mapema kutoka karakana. Nepi zilikuwa zimegoma kukauka na chumba kilikuwa cha baridi kali, hivyo mama alibeba jiko la mkaa akaliingiza kwa mzazi. Makaa yalikuwa yameiva, hayana moshi hata chembe. Nani angeona ubaya? Akafunga mlango, akarudisha tambara lake, akaja kukaa nami.

Hakukaa. Chai ilikuwa bado mkononi aliposimama. "Husikii?"

"Mama, ni mbao za dari. Kaa unywe chai."

"Anakwangua mlango."

"Mama, tafadhali. Watu wamelala."

"Yuko na mtoto!" Alishika fagio, akalisukuma tambara kwa mguu, akaufungua mlango.

Panya alichomoka akapita juu ya miguu yake. Fagio lilikuwa tayari limeinuliwa, nami nikangoja lishuke. Halikushuka. Mama alikuwa anatazama kitandani. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, kinywa wazi, mkono unaning'inia. Mama akamwita. Akamwita tena. Kisha akatupa fagio, akamnyakua mtoto, nami nikamburuta mke wangu hadi barazani, miguu yake ikikwaruza sakafu.

Tulikaa pale kwenye manyunyu. Mtoto alikuwa kimya. Mama alimpapasa mgongo, akampulizia usoni, akamwita kwa kila jina zuri na kila jina baya alilolijua. Mtoto akakohoa, akalia. Sijawahi kusikia kelele tamu vile. Mke wangu akafumbua macho, akasema kichwa kinampasuka.

Zahanati waliwekewa hewa ya mtungi, wote wawili. Muuguzi akatueleza kwamba makaa yana sumu isiyoonekana wala kunuka, kisha akauliza, "Chumba hakina matundu ya hewa?" Nilitazama sakafu. Mama alitazama mikono yake, kucha zina saruji bado.

"Yalikuwepo," alisema. "Niliyaziba mimi."

Tulipofika nyumbani alijishika kichwa. "Niliogopa mwenye meno, nikamkaribisha asiye na meno. Nikamfungia na wanangu kwa mkono wangu." Nilitaka kumwambia kwamba ni sikio lake lililowaokoa, na kwamba ningesikilizwa mimi tungekuwa tunazika. Nilimwambia. Tayari alikuwa anatafuta nyundo.

Aliyatoboa matundu yote juu ya dirisha, vumbi likamjaa kichwani, kisha akapigilia wavu wa waya wenye macho madogo, hewa ipite na panya asipite. Jiko la mkaa halivuki tena mlango wa jikoni. Panya yule alinaswa na mtego wiki ile ile, nikamletea Waziri habari nikidhani atafurahi. Alimfunika kwa gazeti na kumpeleka mwenyewe jalalani, polepole.

Baridi bado haijaisha. Kila mtoto akilazwa, mama hupanda kwenye kiti na magoti yake mabovu, akaweka kiganja kwenye wavu.

"Mama, shuka, utaanguka."

"Ngoja," husema. "Bado sijausikia upepo."