Mganga kanyonya mguu wangu

Jamani, leo mwanaume nisiyemjua kaunyonya mguu wangu.

Mie na miaka yangu sitini na tatu, unyayo unaniuma mwezi wa nne huu. Hospitali wamepima, hawaoni kitu.

Basi wifi yangu kaamua kwamba nimekanyaga uchawi. Asubuhi kaniletea mganga mpaka sebuleni kwangu, Gongo la Mboto.

"Mama, fumba macho. Ukisema neno tu, dawa inakufa."

Nikafumba. Mara nasikia midomo! Ya moto, ina ndevu, inafyonza unyayo kama mtu anakula embe. Yakhe!

Akatema kwenye sahani yangu ya wali. Nywele, na mwiba wa samaki umelowa mate. Wifi akapiga vigelegele.

Nikafumbua macho.

"Baba, unaouma ni wa kushoto. Huo ulionyonya ni wa kulia."

Mganga anaitazama sahani.

Wifi ndiye aliyemwokoa: "Basi kauwahi, wifi. Na huo ungeanza kuuma!"

Eti kesho anamrudisha amalizie wa kushoto.

Mguu nimeusugua kwa sabuni mara tatu. Sahani nimeitupa jalalani.

Wifi nimtupe wapi, nyie?