Yule Niliyemwita Boyi

Jana nilikusikia, mwanangu, ukimpigia kelele baba anayetuletea maji: "Ee, boyi!" Mtu mwenye wajukuu! Nimekasirika na sikufichi, maana nakumbuka siku neno hilo lilipotaka kuniua.

Kwa Waingereza, nimeambiwa, maana yake ni mtoto wa kiume tu. Wazungu wetu walilileta hapa Butembo wakamwita hivyo mpishi, mfuaji nguo, hata msaidizi wa dereva wa lori. Uwe na mvi, wewe ni boyi. Uhuru ulipofika nikapewa ukarani na nyumba ya mzungu aliyeondoka, pamoja na mpishi wake. Mimi, Mnande mwenzake wa kabila moja, nikaendelea vilevile: "Boyi, chai!" Miaka minne! Sikuwahi kumwuliza jina. Hata leo naona haya kusema hivyo.

Kisha waasi wakaingia mjini wakitafuta makarani wa serikali wawaue. Asubuhi moja walitukuta jikoni. Mzee, yule mpishi wangu, alikuwa amenivua koti na viatu, akanipa viazi nimenye.

"Karani iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Alikimbilia Beni," mzee akajibu. "Huyu ni mutoto yangu."

Yule mtu akanielekezea bunduki. "Baba yako anaitwa nani?"

"Anaitwa..." nikaanza. Sikujua jina la mtu aliyenipikia miaka minne! Mzee akanizaba kofi.

"Nyamaza! Kwetu mutoto hapana taja jina ya baba yake mbele ya batu." Akawageukia. "Lakini muniulize miye! Miye ni Kasereka."

Wakacheka, wakaenda zao. Ndivyo nilivyolijua jina lake, siku ileile waasi walipolijua.

Nikamwangukia miguuni nikilia, nikimwomba msamaha. Akaniinua.

"Viazi bado," akasema.

Basi sikia. Anayekufanyia kazi, muulize jina siku ya kwanza, kabla hujamtuma popote. Kama ana watoto, mwite baba wa fulani. Na kesho asubuhi nenda kwa yule baba wa maji, umwombe msamaha mbele ya walewale waliokusikia. Ukikataa, usinywe maji yake nyumbani mwangu. Ukienda, Mungu akubariki, akupe uzee mrefu ambao hakuna mtoto atakayekuita hivyo.